Kioo Namba Nne

Tarehe 9 Januari

Dada yangu mpendwa,

Salamu kwako, kwa mama, na kwa watoto wote mpaka yule anayejificha nyuma ya mlango mgeni akija. Mimi ni mzima wa kusimama, ila mgongo bado haujakubali. Shemeji naye mzima. Ameniambia nikuandikie salamu zake. Nilimwambia andika mwenyewe, yule ni mkeo, akasema, "Wewe una kalamu." Unamjua mumeo. Maneno yake ya siku nzima yanaenea kwenye kiganja.

Nimebadilishiwa kazi. Tangu lile toroli liniangukie siwezi tena kubeba tofali, na nilidhani nitafukuzwa. Nyapara akauliza ni nani kati yetu anajua kusoma na kuandika vizuri. Nikanyoosha mkono. Darasa la sita limenisaidia kwa mara ya kwanza maishani.

Kazi yenyewe ni hii. Tunachimba shimo la msingi wa jengo kubwa, kina chake kama nyumba ya ghorofa nne. Upande wa barabara kuna ukuta mrefu wa zege unaozuia udongo usishuke shimoni. Ukuta una nyufa. Juu ya kila ufa wamebandika kipande cha kioo chembamba, urefu wa kidole, kimeshikwa kwa plasta huku na huku. Ukuta ukisogea hata unywele mmoja, kioo kinapasuka. Viko tisa, kila kimoja na namba yake. Asubuhi, kabla watu hawajashuka, navipitia kimoja kimoja na kuandika kitabuni: kizima, au kimepasuka. Mwisho wa mwezi mhandisi anakuja na gari safi, anasoma kitabu, anaweka sahihi, anaondoka. Ukuta wenyewe hautazami.

Basi watu wananiita Daktari. "Daktari, mgonjwa ameamkaje leo?" Anayeanza kila siku ni mwenzetu wa huko nyumbani, Sufuria, ambaye mkewe mnasali naye jumuiya moja. Tulimpa jina hilo kwa sababu anakula humo humo kwenye sufuria, anasema sahani ni za wageni. Nikimjibu mgonjwa anaendelea vizuri, anasema, "Mpe uji."

Wiki iliyopita kioo namba nne kilipasuka. Nikamwita nyapara. Akatazama, akasema, "Ni jua tu hilo. Weka kingine, andika kizima." Nikamwambia upande ule haupati jua kutwa. Akanigeukia: "Daktari, mgongo wako siku hizi unaweza tofali?" Nikaweka kingine.

Shemeji yuko chini kabisa, kwenye pampu inayovuta maji shimoni. Pampu iko chini ya namba nne. Sikuandikii ili uogope. Nimemwachia Mungu, na wewe mwachie.

Mdogo wako.


Tarehe 27 Januari

Mdogo wangu,

Barua yako imefika Jumamosi. Nimemsomea mama mara mbili, na mara zote mbili nikaruka sehemu ya ukuta. Amefurahi kusikia una kazi ya kalamu, amewatangazia majirani kwamba sasa uko ofisini. Meno yake mawili ya mbele yametoka, lakini bado anabishana na kila mtu. Watoto wazima. Yule wa mlangoni sasa anatoka kusalimia, mradi mgeni asimtazame.

Darasa langu la kipaimara lina watoto thelathini na mmoja na bati linalovuja juu ya ubao. Juzi msichana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kama Mungu ameshajua kila kitu, sisi tunaombea nini?" Nikamjibu kwamba neema ya Mungu haitufanyii kazi tukiwa tumelala. Inatuamsha, kisha inangoja tusimame. Inaweza kungoja muda mrefu sana, lakini haimbebi mtu anayejifanya amelala. Aliitikia kwa kichwa kama mtu mzima. Nilipofika nyumbani nikachukua barua yako na kuisoma tena.

Unasema umemwachia Mungu. Mdogo wangu, mimi ni katekista, maneno hayo nayasikia kila siku, na mara nyingi anayeyasema amechoka tu. Sikulaumu, najua umechoka. Lakini kumtumaini Mungu si kumrudishia kitu alichokuwekea wewe mkononi. Umeniambia kioo kilipasuka. Umeniambia habari ya jua, na alichosema nyapara, na kwamba uliweka kingine. Hukuniambia uliandika nini kitabuni.

Nimeanza novena, siku tisa za kumwombea mume wangu, Mungu amtoe kwenye shimo lile. Usimwambie, ataona namsumbua Mungu bure.

Nijibu nililouliza.

Dada yako.


Tarehe 15 Februari

Dada yangu,

Tumshukuru Mungu! Shemeji ametolewa shimoni. Tangu Jumatatu yuko juu, stoo, anagawa koleo na kupokea koleo, anakaa kivulini. Nilipomwuliza anaonaje akasema, "Pakavu." Hilo ni neno moja zaidi ya niliyotegemea.

Mwambie mama meno si kitu, atafune upande. Mgongo wangu unaendelea. Mvua hazijaanza huku lakini mawingu yanapita kila jioni kama watu wanaokagua nyumba kabla ya kuhamia.

Barua ni fupi kwa sababu kazi ni nyingi. Wasalimie wote.

Mdogo wako.


Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu,

Nililia niliposoma, na sikuona haya. Barua imefika siku mbili tu baada ya kumaliza novena ya pili. Nimeomba miaka mingi vitu vingi, vingine nimepewa, vingine sijapewa, na sijawahi kuona jibu limekuja na miguu yake namna hii.

Ngoja nikueleze ya Alhamisi. Jumuiya ilikutana kwetu. Baada ya Injili, kiongozi akauliza kama kuna mwenye shukrani. Nikasimama, nikasoma barua yako mbele ya wote, mpaka pale penye "Pakavu," wakacheka, wakapiga makofi. Kabla sijakaa, mke wa Sufuria naye akasimama. Alikuwa na barua yake mfukoni. Akasema na yeye anamshukuru Mungu, kwa sababu mume wake amepewa kazi ya pampu aliyoiomba tangu Desemba, na pampu malipo yake ni mazuri kuliko koleo. Watu wakapiga makofi tena. Tulikumbatiana pale katikati, mimi na yeye, mama akalia na yeye bila kujua analilia nini. Tumekubaliana kutoa nia ya Misa ya pamoja Jumapili.

Usiku ule nililala vizuri.

Leo asubuhi, nikiwa nafua, mikono ikiwa majini, ndipo nikafikiri: pampu ni ile ile?

Mdogo wangu, kwenye barua ile uliandika "ametolewa." Hukuandika aliyemtoa. Na swali langu la Januari bado liko pale nilipoliacha.

Dada yako.


Tarehe 20 Machi

Dada,

Nimeiweka barua yako chini ya godoro siku nne, halafu nikaona ni ujinga, godoro lenyewe nalalia mimi.

Nisalimie mama, nisalimie watoto. Sasa nisikilize.

Januari niliandika kizima. Kioo kilikuwa kimepasuka vipande viwili nikaandika kizima. Namba nne imepasuka mara tano tangu hapo, na kila mara nimebandika kingine nikaandika kizima. Namba tatu imefuata, na namba tano. Kitabu changu ni kizuri, mwandiko umenyooka kama ulivyonifundisha. Mhandisi amenisifu.

Ulipoandika umeanza novena, sikungoja Mungu ajibu. Nilimfuata nyapara kwenye kibanda chake cha mabati. Nikamwambia, "Nitaendelea kuandika kizima na sitakuuliza kitu. Lakini shemeji yangu apande juu." Akacheka taratibu. "Kumbe Daktari unajua dawa." Kisha akauliza, "Pampu nimpe nani?"

Dada, angeweza kuchagua mwenyewe. Mimi ndiye niliyetaja. Nilisema Sufuria, ana nguvu, na ameiomba kazi hiyo muda mrefu. Nilijiambia namtendea wema. Jioni alikuja na kipande cha nyama akanimegea nusu, akasema, "Daktari, Mungu akulipe." Nilikula.

Kwa hiyo mlisimama pale mbele ya jumuiya, wanawake wawili, mkamshukuru Mungu kwa kitu nilichofanya mimi kibandani. Tangu niisome barua ile sijaweza kusali rozari. Nikifika Baba Yetu, pale penye mapenzi yako yatimizwe, naona kama namwekea Mungu sahihi kwenye kitabu changu.

Jumamosi nilikwenda kitubio kwenye kanisa la karibu na kituo cha mabasi. Padre ni mtu mzima, anakohoa. Nilisema yote. Hakushtuka. Akaniuliza jambo moja: "Na kesho kutwa asubuhi, ukifungua kitabu, utaandika nini?" Nikasema, Padre, sijui. Akasema, "Basi umekuja kunisimulia, hujaja kutubu. Siwezi kukuondolea kitu ambacho bado umekishika. Mungu hakuombi uushike ukuta, mwanangu. Anakuomba neno moja, na neno hilo yuko tayari kulisema pamoja nawe. Rudi wakati wowote, hata kama nakula." Akanibariki, nikatoka bila ondoleo. Jumatatu nikaandika kizima.

Nikisema, nafukuzwa mimi na shemeji siku hiyo hiyo. Mnajua hapo nyumbani mnakula nini na kinatoka wapi. Nisiposema, Sufuria yuko chini ya namba nne na wenzake wanaochimba karibu yake. Hajui kitu. Anaimba.

Niambie nifanye nini. Ukisema nyamaza nitanyamaza. Ukisema sema nitasema. Nangoja barua yako.

Mdogo wako.


Tarehe 18 Aprili

Dada,

Barua yako haijafika. Hesabu yangu ilikuwa ifike mwanzoni mwa mwezi. Labda posta, labda barabara. Labda mama anaumwa na hutaki kuniambia. Niandikie hata mstari mmoja.

Mvua zimeanza. Maji yanatoka kwenye ufa wa namba nne, si mengi, kama mtoto anayetokwa na kamasi. Vioo vimeniishia. Nilikwenda kuomba vingine, nyapara akasema, "Vya nini? Kitabu si unacho?" Kwa hiyo sasa mahali pa namba nne kuna plasta mbili zinazotazamana na katikati hakuna kitu, na kila asubuhi nasimama mbele ya nafasi hiyo tupu na kuandika kizima.

Shemeji ameniuliza jana kwa nini silali. Nikamwambia mgongo.

Nimegundua jambo baya, dada, na nakuandikia kwa sababu sina mwingine. Kila siku barua yako isipofika, napata nafuu. Najiambia, bado sijajibiwa, siwezi kulaumiwa. Nilifanya hivyo hivyo kwa Mungu mwezi wa kwanza. Nilisema nimemwachia yeye, na kumbe nilikuwa nimejificha. Sasa najificha nyuma yako. Sijui kama, hata ungeandika sema, nisingetafuta wa tatu wa kujificha nyuma yake.

Nilichoombwa nilishaambiwa. Nimeambiwa na kioo, nimeambiwa na Padre anayekohoa, nimeambiwa na wewe Januari kabla hujajua unazungumzia nini. Mtu aambiwe mara ngapi?

Sitangoja tena.

Mdogo wako.


Tarehe 21 Aprili

Mdogo wangu,

Mama mzima. Watoto wazima. Kama umeilaumu posta, haina kosa. Barua yako ya Machi niliipata tarehe thelathini, nikaisoma nimesimama.

Jibu nililijua siku ile ile. Sikuandika kwa sababu sikulitaka. Niliandika barua nyingine, nzuri, yenye Maandiko ndani, nikikuambia uwe na subira, kwamba mhandisi atagundua mwenyewe, kwamba Mungu ana njia zake. Niliifunga. Nilikwenda nayo posta mara mbili na mara mbili nikarudi nayo. Mume wangu yuko pakavu. Ndivyo nilivyokuwa nawaza kila nilipofumba macho kusali: mume wangu yuko pakavu.

Alhamisi tatu nimekaa jumuiya bega kwa bega na mke wa Sufuria. Anaimba kama mumewe. Alhamisi ya mwisho aliniambia wanataka kupaka rangi nyumba, akaniuliza rangi gani. Nikasema kijani.

Jana darasani yule msichana wangu alikuwa anawasomesha wadogo zake, nikamsikia akisema, "Neema inatuamsha, kisha inangoja tusimame. Mwalimu amesema." Nilitoka nje. Nimefundisha mambo haya miaka kumi na minne na nilikuwa nimelala macho wazi.

Barua ile nimeichoma jikoni. Kisha nilikwenda nyumbani kwa mke wa Sufuria nikamweleza yote, tangu kioo cha kwanza mpaka jina ulilotaja wewe, na wiki tatu zangu. Sikupunguza. Anakuja huko, na barua hii anaibeba yeye mwenyewe. Hakuniahidi kama atakupa, lakini ameipokea.

Sema, mdogo wangu. Kama umeshasema, kheri. Kama hujasema, sema leo, barua ikiwa bado mkononi. Mume wangu arudi mikono mitupu. Tutakula tutakachopata, na tukikosa tutakosa pamoja. Sijui Mungu atatulisha vipi, na sikuandikii kama mtu anayejua. Namtumaini huku nikitetemeka, na naona kutetemeka hakuzuii.

Dada yako.


Tarehe 9 Mei

Dada yangu,

Barua yako nilipewa. Nitakueleza ilivyopewa. Salamu atakuletea shemeji mwenyewe, ndiye anayebeba barua hii, na safari hii nimemwambia asiposema neno nitajua.

Nilisema tarehe kumi na tisa asubuhi, kabla barua yako haijafika. Watu walikuwa wamepanga mstari wa kuitwa majina. Nilipanda juu ya toroli lililopinduliwa, kwa sababu mimi ni mfupi na nilijua nikishuka sitapanda tena. Niliwaambia kitabu ni cha uongo na mwandishi ni mimi. Nikasoma namba moja moja, tarehe moja moja, nikitaja kila kilichopasuka. Mtu mmoja akapaza sauti, "Daktari, leo mgonjwa amezidiwa au ni wewe?" Wakacheka. Nyapara akasema nimekunywa. Ndipo shemeji akatoka stoo, akaja mpaka kwenye toroli, akasimama ubavuni kwangu. Hakuwa anajua kitu, dada, sikuwahi kumwambia. Alinitazama usoni tu. Akawageukia wale watu akasema, "Huyu hajanywa. Ni kweli." Tulifukuzwa wote wawili kabla jua halijatoka vizuri. Watu saba walitoka nasi. Wengine waliinamisha vichwa wakashuka. Siwalaumu. Nilishuka na wao miezi mitatu kwa kalamu.

Sufuria hakuwa mstarini. Mtu wa pampu hutangulia. Nilishuka ngazi zote hadi chini, mlinzi akinifuata akinitukania mama, samahani, nikamkuta anafunga mpira wa maji. Nilimwambia kwa kupiga kelele, kwa sababu pampu ilikuwa inanguruma.

"Toka! Ukuta huu unasogea, na kazi hii nilikupa mimi ili shemeji yangu aokoke!"

Alifikiri ni mzaha. Kisha akaniona usoni.

"Mke wangu amesimama mbele ya watu," akasema, "akamshukuru Mungu kwa pampu hii. Unataka nimwandikie nini? Kwamba Mungu alikosea anwani?"

"Si Mungu aliyekupa. Ni mimi."

"Basi wewe nenda. Mimi nimemwachia yeye."

Yale maneno nayajua yanavyokaa mdomoni. Mlinzi akanivuta kwa ukosi.

Jioni ile nilikwenda kwa Padre, alikuwa anakula kweli. Alifuta mikono, akavaa stola pale pale mezani, akanipa ondoleo. Nilidhani nitatoka mwepesi. Nilitoka na kazi.

Kila asubuhi mimi na shemeji tulisimama langoni tukimwambia kila anayeingia. Nilimsimamisha mhandisi, akanisikiliza kioo cha gari kikiwa nusu, akasema atasoma kitabu. Kuna mtazamaji mpya, nasikia mwandiko wake mbaya kuliko wangu lakini anaandika neno lile lile. Nilikwenda ofisi ya serikali inayoshughulikia majengo, nikaambiwa mwenye kukagua yuko safarini, nirudi. Nimerudi mara tatu.

Mke wa Sufuria alifika tarehe ishirini na nane. Alishuka basi na mfuko mmoja, akanipa barua yako bila kunitazama, akauliza, "Yuko wapi?" Nikamwonyesha. Mlinzi akamzuia. Akamwambia, "Nilimshukuru Mungu hadharani, na nimekuja hadharani. Sogea." Sijui mlinzi aliona nini machoni pake, akasogea.

Alisimama ukingoni mwa shimo akamwita mumewe kwa jina lake, ambalo huku hakuna anayelijua. Pampu ilikuwa inalia, lakini alisikia. Alipanda mpaka nusu ya ngazi.

"Umekuja na nani?"

"Na miguu yangu. Panda."

"Nani amekujaza maneno?"

"Dada yake huyu. Alipiga magoti mlangoni kwangu. Nilimwinua, kisha nikampiga kofi, kisha nikapika chai tukanywa. Panda."

Kofi hilo hukuniandikia, dada.

"Nikizima pampu, maji yatajaa," Sufuria akasema.

"Yajae."

"Nitaonekana mwoga."

"Mimi nitakuona."

Alisimama pale ngazini, maji yakimchuruzika kwenye mabuti. Kisha akashuka, nikadhani amekataa. Pampu ikanyamaza. Dada, tumeishi na ule mngurumo usiku na mchana kiasi kwamba uliponyamaza watu waliduwaa, kama mtu aliyekuwa akiwashika mikono amewaachia. Akapanda. Na kwa kuwa maji yalianza kupanda nyuma yake, wachimbaji nao wakapanda mmoja mmoja, mpaka shimo likabaki tupu. Sufuria alipita mbele yangu. Mkewe alisimama. Akasema, "Nitakusamehe, ila si leo." Wakaenda zao kituoni. Bila shaka wameshafika huko. Usimkimbilie, mwache aje mwenyewe.

Siku tano shimo lilikaa na maji. Nilidhani yamekwisha. Nilimshukuru Mungu, kwa siri safari hii.

Siku ya sita nyapara alileta pampu mbili na watu wapya kutoka mbali, hawajui lugha yetu vizuri. Nimewaonyesha kwa mikono. Nimewachorea ukuta kwenye vumbi, na ufa, na watu chini yake. Mmoja alinipa kipande cha mkate, alidhani naomba.

Shemeji anaondoka leo. Mimi nabaki. Si ushujaa, maana mgongo unauma na chumba nimebakiza wiki mbili. Ila ofisi ile imesema mkaguzi anarudi Jumatano, na hawa watu hawana mwingine wa kuwaambia. Ukuta umenishinda nguvu, na mioyo ya watu nayo imenishinda, hayo ni ya Mungu. Kuwepo pale langoni asubuhi naweza.

Nimalizie kwa lile ambalo sikutaka kuliandika. Ukuta bado umesimama. Kila siku unaposimama mimi naonekana mwongo zaidi. Jana nyapara alipita langoni akanipigia saluti: "Daktari, mgonjwa wako anakusalimu." Watu wakacheka. Na mimi, niliyekwisha kupata ondoleo, nilifumba macho nikamwomba Mungu ukuta uanguke. Si wote, nilimwambia. Kidogo tu, waone.

Niliendelea kuomba hivyo mpaka niliposikia vicheko vingine, kutoka shimoni. Nikachungulia. Watu sita walikuwa chini, wamekaa kwenye kivuli cha ukuta, wanakula.

Niombee haraka.

Mdogo wako.